Kompyuta ya Baba Mkubwa Inagoma Kuzima: Nilichokikuta Ndani

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani sina kitu kipya cha kufungua kwenye boksi. Nina hii hapa: laptopu ya baba mkubwa wangu, ya mwaka 2014. Ilikuja na Windows 8.1, baadaye ikapandishwa hadi Windows 10. RAM ni gigabaiti 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Ngoja niisogeze karibu na kamera. Tazameni kitufe cha kuwashia. Rangi imetoka katikati, imebaki plastiki tupu inayong'aa. Vitufe vya herufi bado vina maandishi yake yote, kilicholika ni hiki kimoja tu. Kabla sijaiwasha nilishajua hiki kitufe kimefanya kazi isiyokuwa yake.

Baba mkubwa alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, hii kompyuta siku hizi haikubali kulala. Nikiizima, kioo kinakuwa cheusi lakini taa inabaki inawaka na feni inavuma. Basi nakandamiza kitufe mpaka inyamaze." Nikamuuliza inatokea mara ngapi. Kila baada ya siku mbili tatu, akasema. Tangu lini? "Muda sasa. Nilidhani mimi ndiye ninayekosea kubonyeza."

Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu wazee wetu wengi wakiona mashine imeleta shida wanajilaumu wao kwanza, kisha wanakaa kimya miezi. Hakuwa anakosea chochote. Na humo ndani ana kazi ya miaka: majina ya ukoo wetu, nani kazaliwa na nani, mpaka kwa babu wa babu, ameyaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni kunakili folda hizo zote kwenye diski ya nje. Na wewe ukiletewa mashine ya ndugu yako, anzia hapo. Ukarimu wote wa kurekebisha hauna maana ukipoteza kilichomo.

Sasa, tuelewane kuhusu maneno, maana kwenye tatizo hili maneno ndiyo vipimo. Ndugu akikuambia "kompyuta ina shida ya kuzima", muulize: inagoma kuzima, inazimika yenyewe, au ukiizima inajiwasha tena? Haya ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake ni tofauti. Nimeona watu wakibadilisha betri ya mashine inayogoma kuzima. Betri haihusiki hata kidogo.

Habari njema ni kwamba Windows huandika daftari lake, na wengi hawajawahi kulifungua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha Enter. Upande wa kushoto ingia Windows Logs, halafu System. Orodha ni ndefu mno, usiisome yote. Upande wa kulia kuna Filter Current Log. Ibofye, na kwenye sehemu ya namba za matukio andika 41,1074,6006,6008. Ghafla orodha inakuwa fupi na inaanza kuongea.

Namba 1074 maana yake kuna mtu au programu imeamuru kompyuta izime, na humo ndani imeandikwa ni nani. Namba 6006 ni daftari kufungwa vizuri, yaani kuzima kumefika mwisho. Namba 6008 inasema kuzima kwa mara iliyopita hakukutarajiwa. Na 41, yenye alama nyekundu na jina Kernel-Power, inasema mashine imewaka tena bila kuwa imezima kwa utaratibu.

Angalieni ya baba mkubwa. Hii hapa: saa nne na dakika kumi na mbili usiku, 1074, jina la mtumiaji ni la kwake. Ameamuru izime. Kisha kimya. Kinachofuata ni asubuhi: 41 na 6008. Yaani amri ilitolewa, kazi haikumalizika, umeme ukakatwa kwa kidole. Huo ndio ushahidi kwamba mzee alibonyeza sawasawa kabisa. Nilimpigia nikamsomea mstari huo, akacheka kwa furaha.

Jambo la pili lililonishtua liko kwenye Task Manager. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, bofya CPU, halafu tazama chini palipoandikwa Up time. Huo ni muda ambao Windows imekuwa hai bila kuanza upya. Yeye anazima kila usiku. Kioo kilikuwa kinasema siku nne na saa kadhaa.

Hapo ndipo penye kiini cha video hii, naomba mnisikilize taratibu. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuna kipengele kinachoitwa Fast Startup, na kwenye mashine nyingi huja kikiwa kimeshawashwa. Unapobofya Shut down, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti yako. Lakini kiini chake pamoja na draiva zote, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine, hakivunji kazi. Kinapigwa picha, picha inahifadhiwa kwenye faili moja kubwa linaloitwa hiberfil.sys, ndipo umeme unakatwa. Kesho yake badala ya kuanza mwanzo, inasoma ile picha na kuendelea. Ni kama fundi anayeondoka usiku akaacha vifaa vyake vyote vimetandazwa mezani ili asubuhi asipoteze muda kuvipanga. Ndiyo maana saa ya Up time haikurudi sifuri.

Na sasa geuza kichwa chako kidogo: Restart haifanyi hivyo. Restart inabomoa kila kitu na kuanza upya kabisa. Kwa hiyo kwenye kompyuta yenye Fast Startup, kuwasha upya ndiko kuzima kwa kweli, na kuzima ni nusu usingizi. Ndiyo sababu mtu anakuambia "nimeizima na kuiwasha mara tatu, tatizo liko palepale", kisha unabofya Restart mara moja na linaondoka.

Kwa nini igome? Kwa sababu ili picha ipigwe, kila draiva lazima ijiandae na kujibu kwamba iko tayari. Draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ya zamani, ikahamishiwa kwenye mpya pamoja na mashine, inaweza isijibu. Kioo kimeshazimwa, wengine wote wametulia, lakini mmoja anasubiriwa. Taa inawaka, feni inavuma.

Kuna jaribio dogo lisilohitaji programu yoyote. Shikilia kitufe cha Shift, kisha bofya Shut down huku bado umekishikilia. Hapo unaiambia Windows izime moja kwa moja bila kupiga picha. Nilikaa na hii mashine wiki nzima. Kuzima kwa kawaida kuliganda mara ya tatu tu nilipojaribu. Kwa Shift nilizima mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili taa ilizima na feni ikanyamaza. Jibu likawa limepatikana.

Kukizima kipengele hiki, ingia Control Panel, Power Options, halafu upande wa kushoto bofya Choose what the power buttons do. Utaona kisanduku cha Fast Startup kimefifia, hakibofyeki. Juu yake kuna maandishi ya bluu ya kubadilisha mipangilio isiyopatikana kwa sasa. Yabofye kwanza, ndipo utaweza kutoa alama. Njia ya pili ni kufungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi na kuandika powercfg /h off. Hii inafuta hata lile faili la picha na kukurudishia nafasi kwenye diski, ila utapoteza na Hibernate, yaani kuzima mashine huku kazi ulizofungua zikihifadhiwa kwenye diski. Kwa mzee ambaye hajawahi kuitumia Hibernate, hakuna hasara.

Niseme ukweli kuhusu gharama yake. Kwa Fast Startup mashine hii iliwaka kwa sekunde hamsini hivi. Bila hiyo, dakika moja na sekunde hamsini. Kwa diski ya kuzunguka, hiyo tofauti mtu anaihisi. Nikaenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji, nikatafuta kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini ya laptopu, nikapata draiva mpya ya chipuseti, zile chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, nikaiweka na kurudisha Fast Startup. Ikaganda mara moja katika majaribio kumi na tano. Kwangu mimi mara moja ni nyingi, na nitawaeleza kwa nini.

Ukikandamiza kitufe cha umeme sekunde nne au zaidi, mashine inakatwa bila Windows kuulizwa chochote. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna kichwa chembamba kinachoelea juu ya sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Umeme ukikatika ghafla, kichwa kinarudishwa pembeni kwa dharura. Diski yenyewe inahesabu dharura hizo. Nimeweka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, tazameni mstari wa C0: hizo ndizo mara ambazo kichwa kimerudishwa kwa dharura. Na shukeni mpaka C5, sekta zinazosubiri uamuzi, yaani sehemu za diski ambazo zimeshindwa kusomeka. Inatakiwa iwe sifuri. Hapa imeandikwa 10. Tahadhari: programu hii kwa kawaida huonyesha namba hizo kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 10 hapo ni kumi na sita. Na juu alama imegeuka njano, tahadhari.

Siwezi kudai kwamba kidole cha baba mkubwa ndicho kilichoiua. Diski hii ina umri wake. Lakini kukatiwa umeme kila baada ya siku tatu hakukuisaidia, wala hakukuyasaidia mafaili yaliyokuwa yanaandikwa wakati huo.

Kwa diski yenye hali hii, usikimbilie chkdsk C: /r kabla ya kunakili vitu vyako. Amri hiyo inapita diski nzima kutafuta sekta mbovu, na diski inayokaribia mwisho inaweza kufia humo humo. Nakili kwanza.

Sasa haraka haraka kwa wenye yale magonjwa mengine mawili. Kama yako inazimika yenyewe katikati ya kazi, fungua lile tukio la 41, ingia Details, utafute BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kurekodi kosa. Shuku joto, chaja, betri au usambazaji wa umeme. Fungua chini usafishe feni; kwenye laptopu kuukuu vumbi hujishona likawa kama kipande cha blanketi mbele ya mapezi ya kupozea. Kama ukizima inajiwasha tena, bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha mipangilio ya Startup and Recovery, utoe alama kwenye Automatically restart. Ikiwa ilikuwa inapata kosa wakati wa kuzima, sasa litabaki kwenye kioo ulisome.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana ambao naupinga: kupunguza WaitToKillServiceTimeout kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ili kompyuta izime upesi. Kawaida ni 5000, yaani sekunde tano ambazo huduma za ndani hupewa kumaliza kazi zao. Wengine wanashusha mpaka 1000. Unachofanya hapo ni kukandamiza kitufe kwa njia nyingine. Ila kwenye rejista hiyo hiyo angalieni ClearPageFileAtShutdown. Ikiwa ni 1, Windows inafuta yaliyomo kwenye faili zima la kumbukumbu, lile inalotumia kwenye diski kusaidia RAM, kila inapozima, na kwa diski ya zamani hilo linachukua muda mrefu mno. Kama hujui nani aliliweka, lirudishe 0.

Hukumu yangu kwa mashine yenyewe: inastahili kubaki, kwa sharti la kubadilisha diski. Nimeitoa ile ya zamani, nikaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, skrubu nne, hakuna gundi. Sikunakili mfumo mzima kutoka kwenye diski yenye ugonjwa. Nimeweka Windows upya, nikarudisha mafaili tu. Fast Startup nimeizima, na inawaka kwa sekunde ishirini hivi. Kile kipengele kilikuwa kinaficha uzito wa diski. Diski ikibadilika, hakina kazi tena.

Jambo moja halirekebishiki. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya hii mashine haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hiyo tumekubaliana na baba mkubwa: hii ni ya kuandikia ukoo. Mambo ya benki atayafanya kwingine.

Nimemrudishia siku tisa zilizopita. Jana nilipita kwake nikafungua lile daftari, nikachuja zile namba nne. 1074, 6006. 1074, 6006. Kila usiku. Nyekundu hakuna hata moja. Akaniuliza hizo namba ni za nini, nikamwambia ni zako, baba mkubwa, ndiyo wewe unavyozima.