TAHADHARI ARUSHA: Sensa ya alamu, eti inalia kwa "binadamu tu", nimepigwa 380,000 mchana kweupe

Jamani, hili jambo nimekaa nalo wiki mbili kwa aibu. Baba watoto aliniambia ninyamaze tu, yataisha. Hayaishi. Kila nikikatiza ile mitaa ya Soko Kuu moyo unachemka. Kwa hiyo mnaotaka kunicheka chekeni, ila msiende kununua sensa pale.

Nina banda la kuku Moshono, hukuhuku Arusha. Mlinzi sitaki tena. Nikasema basi, natafuta alamu.

Nimeingia dukani Jumanne saa tano asubuhi. Kijana kasimama, "Shikamoo mama," kanivutia kiti, kakifuta vumbi kwa mkono wa shati. Nikamwambia nina banda la kuku, kuna mbwa, kuna paka wa majirani, sitaki kitu cha kupiga kelele usiku kucha. Akacheka. "Mama, hizo za elfu kumi na tano unazoziona mezani usiguse. Hizo hata paka akipiga chafya zinalia."

Akatoa yake. Nyeupe, nzito kidogo, ina vioo viwili mbele, kimoja juu kimoja chini. Akanielekeza kwa kidole: hili jicho la juu linasoma joto la mwili, la chini ni mikrowevu, kama rada ndogo, linatuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi. Hadi macho yote mawili yakubaliane ndipo inalia. Upepo wa moto ukipita, la juu linadanganyika lakini la chini halioni kitu kinachotembea. Pazia likicheza, la chini linadanganyika lakini la juu halioni joto. Kwa hiyo inabaki mtu.

Sasa kinachoniuma ni kwamba, ukiacha hilo la "mtu" tu, hayo ya macho mawili ni kweli! Sensa za hivyo zipo na zinafanya kazi hivyohivyo. Kijana alinieleza vizuri kabisa kitu ambacho hakuwa anakiuza.

Halafu likaja jaribio. Aliibandika sensa kwenye kabati kwa gundi ya karatasi, akasema tusubiri dakika moja ipate moto. Tukasubiri. Akachukua boksi tupu la feni, akalifunga kamba, akasimama pembeni nyuma ya kaunta na kulivuta sakafuni mbele ya sensa. Kimya. Akalivuta tena kwa haraka, boksi likapinduka. Kimya. Akanitazama bila kusema kitu, kisha akapita mwenyewe, hatua mbili tu, king'ora kikapasuka mpaka muuza vocha wa nje akageuka. "Umeona mama? Boksi siyo mtu."

Kuna paka wa duka, wa kijivu, alikuwa amelala juu ya stebilaiza. Akamsukuma kidogo, paka akashuka, akajinyoosha, akapita palepale mbele ya sensa kwenda nje. Kimya! Hapo mimi nilishamaliza. Nilikuwa nahesabu tu kichwani nitoe wapi pesa.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti wakati paka anapita. Niliuona. Nikadhani baridi, si mnajua Julai ya huku.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Kwanza aliniamkia vizuri. Pili, nilipokosea kuhesabu nikampa elfu kumi zaidi ya malipo ya waya, alinirudishia mwenyewe. Tapeli gani anarudisha pesa? (Sasa najua: tapeli anayesubiri kubwa.) Tatu, alikuwa anaongea vitu vya kitaalamu bila kubabaika. Na nne, niseme ukweli, mimi ndiye niliyemcheka shemeji mwaka jana alipotuma pesa kwa "ile namba" ya matapeli. Nilijiona mjanja. Mjanja hakagui.

Sensa mbili, king'ora, betri na rimoti mbili: 380,000, nimelipa kwa simu papo hapo. Na 40,000 ya kijana wake aliyekuja kufunga. Huyo kaifunga moja ikitazama mlango wa chumba cha vifaranga, ambako kuna jiko la mkaa usiku kucha.

Usiku wa kwanza imelia mara tisa. Mara tisa! Natoka na tochi, mbwa ananiangalia, mimi namwangalia. Usiku wa pili sikuhesabu. Usiku wa tatu mzee jirani kaja mwenyewe getini amejifunga shuka, hana hasira hata, kaniuliza tu, "Mama, tunalala lini?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikampigia muuzaji, akasema "mama umeiseti vibaya, punguza nguvu." Nikapunguza. Ikalia vilevile.

Usiku wa nne nikaizima saa mbili. Asubuhi kuku 46 wa mayai hawapo. Waya wa banda umekatwa kwa nyuma, taratibu kabisa, kama mtu aliyejua kuwa leo kuna amani.

Ndipo nikamwita fundi wangu wa umeme, yule wa Kijenge, ambaye ningemwita tangu mwanzo ningekuwa na akili. Akaifungua kwa bisibisi mezani kwangu, mbele ya chai. Jicho la juu lipo, ni kile kidude cha kusoma joto, cha bei poa. Jicho la chini: taa ndogo nyekundu na gundi. Basi. Hakuna mikrowevu, hakuna chochote. Kioo cha pili ni plastiki ya urembo. Yaani ni ileile ya elfu kumi na tano, imevalishwa gamba kubwa, na ndani kuna kipande cha chuma kimebandikwa ili iwe nzito!

Nikamuuliza, na lile boksi? Akacheka, mimi nikakaribia kulia. Anasema jicho la joto haliangalii kitu kinachotembea, linaangalia tofauti ya joto inayopita. Boksi lina joto lilelile la sakafu ya duka, kwa hiyo halionekani. Sensa yoyote ya bei rahisi ingenyamaza. Jaribio halikuthibitisha kitu hata kimoja. Na paka? Rimoti ina kitufe cha kuzima ambacho hakitoi sauti. Mfukoni. Mkono wa kushoto.

Kwangu sasa: usiku baridi, hewa ya moto ya jiko inatoka mlangoni ikipishana na ya baridi, sensa inaona joto linapita, inalia. Fundi anasema hata sensa nzima ya macho mawili huielekezi kwenye jiko. Na zile zinazovumilia mbwa huwa zimeandikwa kwenye karatasi yake ni mnyama wa kilo ngapi, nyingi mwisho kama 25, na inafungwa urefu gani. Mimi karatasi sikupewa. Sikuuliza.

Nimerudi dukani mara mbili. Mara ya kwanza kaniambia nimeifungua, hivyo waranti imekufa. Waranti yenyewe alinitajia kwa mdomo! Mara ya pili mlango umefungwa, simu haipatikani, na yule paka wa kijivu kalala nje kwenye ngazi. Hata paka kamwacha.

Huyu mtu asiachwe. Sitaki kusikia "msamehe mama, ni kijana anatafuta." Anatafuta kwangu? Apelekwe gereza la Kisongo akalale na king'ora chake masikioni, kilie mara tisa kila usiku, na mzee jirani apelekwe kumuuliza atalala lini. Kuku 46 si mchezo, hao ni ada ya muhula. Na yule kijana wa kufunga naye asijifanye alitumwa tu.

Haya, wanaouliza nilipaswa kuona nini: sikupewa risiti ya mashine, nilipewa karatasi ya daftari. Alikataa kufungua gamba nione ndani, akasema "utaharibu sili." Mfuko wa koti nimeshasema. Mwambieni yeye akae nje kabisa, rimoti mshike ninyi, halafu paka apite. Mengine muulizeni fundi wenu, mimi siyo fundi, na hilo limeshajulikana.

RB ya polisi ninayo. Jina la duka kituoni wamesema nisiliandike hadharani kwa sasa, lakini aliyeuziwa sensa nyeupe nzito yenye vioo viwili maeneo yale, kuanzia Juni, afungue kioo cha chini aangalie, apige picha, anitumie inboksi. Tumeshafika wanne, na wa nne ni mchungaji.