WireGuard ya kusimamia seva ukiwa mbali, nimeitumia Lamu

Jamani kama una seva Malindi na wewe unakaa Lamu utanielewa, manake zamani kitu kikikwama ilikuwa nipande boti hadi Mokowe alafu basi hadi Malindi, siku nzima imeisha kwa kuwasha tu programu moja. Sahi nna WireGuard, programu ya VPN inayounganisha mashine zako kwa njia ya siri juu ya intaneti, na wallahi safari zimepungua. Ni bure, na kwa Linux kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) 5.6 ya 2020 imo ndani tayari, kila upande unatengeneza funguo mbili, ya siri unabaki nayo, ya wazi unampa mwenzako, basi.

Kilichonisumbua ni kwamba intaneti ya Malindi haina anwani yake ya wazi, yaani huwezi kuifikia moja kwa moja kutoka nje, kwahivyo nlikodi seva ndogo ya nje iwe katikati nikafungua poti (mlango wa mtandao) 51820 ya UDP hapo, ndiyo WireGuard inapitia, alafu mashine ya Malindi nikaiwekea PersistentKeepalive 25, yaani kila sekunde 25 inatuma kitu ili njia isifungwe. Usiruke hii! Mimi niliiruka nikapoteza jioni mbili nikidhani nimekosea funguo.

Juu yake natumia OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva na kuiamrisha ukiwa mbali, kwa funguo, nenosiri nimezima kabisa, na poti yake 22 inasikiliza ndani ya WireGuard tu, huko nje hakuna anayeiona. Stima ikikatika kule ikirudi inajiunga yenyewe, bora uwe umeiweka wg-quick, amri ya kuwasha WireGuard, iwake pamoja na mashine. Kasoro yake moja, ikikataa haikwambii kitu, kimya tu, na kwa anayeanza hayo ni mateso kweli.