Messa, albamu ya Close: doom ya Waitaliano inayoingia vizuri kwenye sikio la mtu wa Dom

Wakuu, leo naongelea albamu moja tu, maana kila nikitaja doom metal kwa washkaji wa huku Dodoma naulizwa mtu aanzie wapi, na jibu langu sa hivi ni hilo hilo: anza na Close ya Messa. Ni bendi ya watu wanne kutoka kaskazini mwa Italia, mkoa wa Veneto, na albamu ilitoka Machi 2022 kupitia lebo ya Svart Records ya Finland. Ni ya tatu kwao, kabla yake walikuwa na Belfry (2016) na Feast for Water (2018). Nyimbo 10, zaidi ya saa moja, kwa hiyo itafutie muda kabisa.

Kwa ambae hajawahi kusikia doom, ni metali (roki nzito ya magitaa ya umeme) inayotembea polepole, magitaa yameshushwa sauti chini mpaka yananguruma. Asili yake ni Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1970. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa kazini kiwandani, baadae akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na kwenye ule ulegevu ndio ukatoka mngurumo ambao watu wanauiga mpaka leo. Ukitoka kwenye singeli inayokimbia biti 200 na kuendelea kwa dakika utahisi muziki umegoma kwenda, vumilia kidogo tu sikio likae sawa.

Sasa kwa nini Messa na sio wengine? Kiukweli nimeshasikiliza bendi nyingi zinazojiita za kuchanganya metali na muziki wa asili, na nyingi zinafanya kitu kile kile, wanaweka filimbi ya kienyeji sekunde chache mwanzoni, alafu magitaa yanaingia na ile filimbi ndio basi tena, huisikii mpaka wimbo uishe. Messa hawafanyi hivyo. Chukua kale kapande kafupi ka ala za nyuzi kanakoitwa Hollow halafu usikate, acha kaingie kwenye Pilgrim, utasikia hali ile ile ya Mashariki inahamia kwenye wimbo mzito, na uzito ukija unajua kabisa umetokea wapi. Mule ndani kuna oud ya Waarabu (ala ya nyuzi, ile udi), kuna duduk ya Waarmenia (zumari ya mbao yenye sauti ya kulialia), sehemu nyingine inaingia saksafoni, na kila ala ina kazi yake, ukiitoa wimbo unabaki na pengo.

Nilimsikilizisha mjomba wangu anayepiga zeze, yeye metali hataki hata kuisikia. Ile Hollow akaisikiliza kainamisha kichwa, magitaa ya Pilgrim yalipopanda akanyanyua mkono nikadhani anataka nizime, kumbe anataka nisiongee. Mwisho akasema, "Mjomba, hawa wanajua kusubiri. Vijana wenu wa siku hizi hawasubiri." Alafu akaniuliza yule mama anaimba lugha gani, nikamwambia Kiingereza, akasema basi sio neno, huzuni yake imesikika.

Na yule mama, Sara Bianchin, ndio nguzo ya albamu nzima. Haungurumi wala hapigi kelele kama wengi wanavyotegemea kwenye metali, anaimba kwa sauti safi kabisa, wakati mwingine karibu ya kunong'ona. Suspended, wimbo wa kwanza, unaanza taratibu na kinanda cha umeme na sauti yake, mpaka magitaa yanapoanguka juu yake na bado humpotezi hata sekunde moja, alafu katikati ya uzito wote ule Alberto Piccolo anapiga solo la gitaa lenye harufu ya jazi, laini kabisa. Aisee pale huwa narudisha nyuma nasikiliza tena.

Kava nalo lisikupite. Ni wanawake wanacheza nakh, ngoma ya huko Afrika Kaskazini ya kuzungusha kichwa na kurusha nywele. Mtu aliyekulia Ugogoni akiona ile picha lazima akumbuke muheme, wanawake wamebana ngoma mapajani wanapiga huku wanaimba, hamna haraka, mdundo unajirudia mpaka mwili wenyewe unaanza kuitika. Doom ikipigwa vizuri inafanya kazi hiyo hiyo, riff moja (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) inarudi na kurudi mpaka inakubeba. Ndio maana mimi sikubali mtu anaposema huu ni muziki wa Wazungu hautuhusu, na wale wanaosema ni wa kishetani naomba wasikilize kwanza, huu ni muziki wa huzuni na wa watu waliotulia.

Kuna kinachonikera pia. Wimbo wa Leffotrak haufiki hata dakika moja, ni fujo tupu ya kasi, na imewekwa kuelekea mwisho wakati mtu umeshazama kabisa. Najua wameiweka makusudi kukushtua ila mimi naona imekata utamu, huwa nairuka. Na urefu wenyewe wa albamu, kwa mtu anayeanza, ungeweza kupunguzwa wimbo mmoja bila hasara.

Kuhusu namna ya kusikiliza, sabufa zetu hizi za sebuleni zinaiua kabisa kama umeachia besi mpaka mwisho, duduk inamezwa na magitaa yote yanakuwa uji. Mimi nilirudisha besi mpaka nusu ndio nikaanza kusikia ngozi ya ngoma za Rocco Toaldo, mpiga ngoma wao. Hedfoni za waya za bei ya kawaida tu zinatosha. Pakua kabisa kabla, usitegemee app za bure zinazokukatiza na tangazo katikati ya wimbo wa dakika kumi. Sehemu yangu ya kuisikilizia ni kwenye SGR kutoka Dar kuja Dom, mkimaliza yale mahandaki ya Kilosa nchi ikianza kukauka na mibuyu kuonekana, hapo weka Pilgrim.

Maksi zangu 9 kati ya 10. Asiye na subira aanze na Dark Horse, ule una mwendo, alafu arudi mwanzo. Ukiipenda, tafuta SubRosa wa Utah, Marekani, wao walikuwa na violini mbili ndani ya doom, walishavunja bendi 2019 ila kazi zipo. Na wapiga zeze na ilimba wa Dodoma nawaomba kabisa mjaribu kuchanganya na magitaa, marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, alishafanya kolabo na mpiga gitaa Mkanada Michael Brook kwenye albamu ya Assembly ya 2002, kwa hiyo njia ipo. Mwenye gitaa zito na ampu hapa mjini anayetaka kujaribu na mjomba wangu aniandikie hapo chini.