720p, 1080p au 4K: TV yako ya sebuleni inahitaji ipi?

Kabla hujanunua muvi, fungua kitabu cha TV yako uangalie kioo kina nukta ngapi. TV nyingi za inchi 32 zina 1366 kwa 768. Ukiipa faili la 4K, lenye 3840 kwa 2160, nukta nyingi zitaachwa tu, na wewe bando limeshakwenda.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni 720p, yaani picha yenye mistari 720 ya nukta kutoka juu hadi chini. Kwenye inchi 32, ukiwa umekaa kwenye kochi mita mbili au tatu kutoka kwenye kioo, huoni kilichopungua. Muvi ya saa mbili yenye GB 1.5 hadi 2 inatosha kabisa.

Namba mbili ni 1080p, kwa inchi 43 kwenda juu, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Wanasoma "1080p", hawaangalii uzito wa faili. Nukta zake ni zaidi ya mara mbili ya zile za 720p, na zote zinataka data. Muvi ya saa mbili iliyobanwa mpaka MB 900 inabaki na megabiti 1 tu kwa sekunde. Ipeleke mbele mpaka penye usiku, moshi au mvua, kisha uisimamishe: anga jeusi limekatika vigae vigae, na uso wa mtu aliye gizani umelainika kama nta, hata macho huyaoni vizuri. 720p ya uzito huohuo inaishinda. Kama imebanwa kwa H.264, ambayo ni njia ya kubana video, tafuta GB 3 au zaidi. H.265, iliyotoka 2013, inabana vizuri zaidi, hivyo GB 2 zinaweza kukutosha. Ila TV za zamani haziisomi: unasikia sauti, kioo cheusi. Jaribu kwanza kwa kipande kifupi.

4K naiweka ya tatu. Inapendeza kweli kwenye inchi 55 na kuendelea, lakini Netflix yenyewe inakadiria hadi GB 7 kwa saa. Halafu kuna suala la flashi. Siku moja watoto wa dada yangu wameshakaa mkekani wanasubiri, flashi ya GB 32 ni tupu, na faili la GB 6 linagoma kuingia. Flashi ilikuwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, kisha uiformati kuwa NTFS au exFAT, kutegemea TV yako inasoma ipi.

480p iache kwa ajili ya simu.

Na ukiona picha inatembea bila sauti, usikimbilie kwa fundi. TV nyingi hazisomi sauti ya aina ya DTS. Chukua faili lenye sauti ya AAC.