Vans Half Cab: kiatu kilichoanzia kwenye mkasi

Raba ya skeitibodi, yaani ya kuchezea ubao wa magurudumu, huanza kufa mahali pamoja: ubavuni, juu kidogo ya kidole kidogo cha mguu wa mbele. Ukiruka oli, mruko wa msingi wa mchezo huu, mguu wa nyuma unaupiga mkia wa ubao chini kwa kishindo, na wa mbele unapanda ukijikwaruza kwenye msasa uliobandikwa juu ya ubao. Msasa huo ndio unaouinua ubao ukufuate hewani, na ndio unaokula kiatu. Rudia mruko huo jioni nzima, siku baada ya siku, na ngozi itatoboka soksi ichungulie. Kwa hiyo nikipewa kiatu na kuambiwa ni cha maskeita, kwanza naupapasa ubavu huo. Nembo nitaisoma baadaye.

Half Cab, raba ya kampuni ya Vans ya Marekani, inaufaulu mtihani huu, na naisifu bila kusita. Nazungumzia toleo linaloitwa Skate Half Cab, si lile la kawaida. Tofauti yao nitaifikia. Ubavu wake ni ngozi ya swedi, na chini ya swedi hiyo kampuni imeweka tabaka la mpira inaloliita Duracap. Swedi ikiisha, msasa unakutana na mpira, na kiatu kinaendelea na kazi. Sura yake hapo si ya kupeleka harusini, lakini mguu uko salama. Nyuzi za mishono ndizo zinazotangulia kukatika, kama ilivyo kwa raba yoyote iliyoshonwa mahali pale. Mimi hupaka gundi juu ya uzi kabla ya kuivaa mara ya kwanza, na watoto ninaowafundisha nawafanyisha hivyo hivyo.

Soli yake hutengenezwa kwa njia ya zamani. Ukanda wa mpira unazungushiwa kiatu kwa gundi, kisha kiatu kizima kinaingizwa kwenye tanuri mpaka mpira ukomae na kushikana na sehemu ya juu. Njia nyingine, iliyopendwa sana na watengenezaji wa raba nene, ni kuumba soli kama bakuli, kiatu kikakaa ndani yake na kushonwa kuzunguka. Hiyo ya pili inakinga kisigino vizuri zaidi. Hii ya kuokwa inapinda upesi na inakuachia uuhisi ubao: unajua kwa unyayo, bila kutazama, kama umesimama juu ya skrubu zinazoshika magurudumu au umezipita. Kwa mtu anayezungusha ubao chini ya miguu, hisia hiyo ina thamani kuliko mto wowote. Mpira wenyewe wa toleo la Skate unanata kuliko ule wa kawaida, na mguu hauhami pale ulipouweka.

Sasa shingo ya kiatu, maana hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mwaka 1989 Vans ilitoa kiatu kirefu chenye jina la Steve Caballero, bingwa wa rampu (miteremko iliyopinda inayojengwa kwa ajili ya mchezo huu) kutoka San Jose, California. Kilipanda juu ya kifundo cha mguu na kukifunika kwa unene, kwa sababu rampu ndiyo iliyotawala mchezo na kifundo kilihitaji ulinzi. Kisha mchezo ukateremka barabarani: ngazi, kingo za saruji, reli. Vijana waliotaka mguu uchezecheze waliona shingo ile inawabana. Wakachukua mikasi, wakaikata, wakaziba kingo kwa utepe wa gundi, wakaendelea kuskeiti. Caballero aliwaona, na jambo hilo likafika kiwandani. Mwaka 1992 ikatoka Half Cab: kiatu kile kile, shingo imekatwa katikati.

Ukiivaa leo utaona walikuwa sahihi. Shingo inagusa kifundo bila kukifunga. Ubao ukiruka vibaya na kukupiga mfupa (na utakupiga), kuna unene wa kupokea kipigo. Ukichuchumaa kabla ya kuruka, hakuna kinachokusukuma nyuma. Raba fupi inakupa wepesi bila kinga, raba ndefu inakupa kinga bila wepesi, na hii imekaa pale ambapo miguu ya watu wengi iliiomba ikae. Kiwanda kilisahihishwa na waliokuwa wanakitumia kiatu, nacho kikakubali.

Nalisema hili kwa sababu nimechoka na hoja moja inayorudiwa kila maskeita wakikutana: kwamba Vans ilikuwa halisi mpaka watu wa fedha walipoingia. Tarehe hazikubaliani na hoja hiyo. Paul Van Doren na wenzake walifungua kiwanda na duka la Vans mjini Anaheim, California, mwaka 1966, wakitengeneza raba na kuziuza hapo hapo. Skeita aliyemaliza kiatu cha mguu mmoja aliweza kurudi akauziwa hicho kimoja tu. Huduma ya namna hiyo inanigusa mpaka leo. Lakini kampuni hiyo hiyo, ikiwa bado mikononi mwa waanzilishi, ilitawanya nguvu zake kwenye viatu vya mbio, vya mpira wa kikapu, hata vya mieleka, na mwaka 1984 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ilipojikwamua, mwaka 1988 iliuzwa kwa McCown De Leeuw, kampuni ya uwekezaji. Mwaka 1991 hisa zake zikaingia sokoni.

Hesabu mwenyewe. Kiatu cha Caballero kilitoka kampuni ikiwa mali ya wawekezaji, na Half Cab, ambayo sote tunaitaja tukitaka mfano wa kitu cha kweli, ilizaliwa mwaka mmoja baada ya hisa kuanza kuuzwa. Fedha kubwa zilikuwemo tayari. Kilichokuwemo pamoja nazo ni njia: kijana mwenye mkasi, bingwa aliyemwona, na mtu kiwandani aliyekuwa tayari kubadilisha kiatu kwa ajili yao. Mimi naupima uhalisi wa bidhaa hizi kwa njia hiyo. Nataka kujua kama bado iko wazi.

Kwa kipimo hicho hata Nike naipa haki yake. Ilijaribu kuingia kwenye mchezo huu miaka ya 1990 ikakataliwa, ikarudi mwaka 2002 na Nike SB, tawi lake la skeitibodi, chini ya uongozi wa Sandy Bodecker. Safari hiyo iliwaajiri watu wanaoskeiti kweli, akina Gino Iannucci, Danny Supa, Reese Forbes na Richard Mulder. Ikachukua Dunk, kiatu chake cha kikapu cha mwaka 1985, ikanenepesha ulimi, ikaweka mto wa hewa chini ya kisigino, na ikakipeleka kwenye maduka madogo ya skeitibodi. Kampuni ndogo zilikuwa na kila sababu ya kuogopa, kwa sababu hakuna aliyeweza kushindana na mfuko ule. Lakini kiatu kilikuwa kizuri, na kilikuwa kizuri kwa sababu miguu iliyojua kazi ilisikilizwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukuaji wa namna nyingine. Mwaka 2023 Authentic Brands Group ilinunua Boardriders, na pamoja nayo majina ambayo kwa miaka mingi yalibeba michezo ya ubao baharini, thelujini na barabarani: Quiksilver, Billabong, Roxy, DC Shoes. DC ilianzishwa mwaka 1994, Ken Block na Damon Way wakiwa miongoni mwa waasisi. Kazi ya mmiliki mpya ni kumiliki majina, kisha kuwapa wengine leseni ya kutengeneza na kuuza. Mwenye jina yuko huku, mwenye kiwanda kule, mwenye duka kwingine kabisa. Kijana akikata kiatu chake kwa mkasi leo, nani kati yao atamwona? Inawezekana mwenye leseni akawa na masikio mazuri. Lakini njia imekuwa ndefu, na kila mkono unaoongezeka katikati una hesabu zake za robo mwaka za kutimiza. Soko la hisa la 1991 haliniogopeshi nusu ya hivyo.

Vans yenyewe imekuwa chini ya VF Corporation, kampuni kubwa ya Marekani ya nguo na viatu, tangu 2004, na hapa ndipo ninapowaomba wanunuzi wawe macho. Half Cab ziko za namna mbili. Kwa mbali zinafanana: umbo moja, mstari mmoja wa mpira, jina moja. Ile ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya kutembea, na kwa kutembea ni kiatu kizuri. Sina kinyongo na anayeivaa bila kuwahi kupanda ubao; wanunuzi kama yeye ndio wengi, na fedha zao zinalipa mishahara ya wanaoruka ngazi. Lakini ndani haina tabaka lile la mpira ubavuni, na soli yake ya ndani ni nyepesi. Mtu wa kuskeiti anahitaji ile ya Skate.

Na hili wauzaji wengi hawalijui. Katika duka moja kubwa la nguo nilimkuta mama akimnunulia mwanawe raba ya kuanzia skeitibodi. Muuzaji alimhakikishia kwamba zote ni sawa, rangi tu ndiyo tofauti. Nilimgeuzia mama huyo viatu vyote viwili, nikamtolea soli za ndani, akabonyeza mwenyewe kwa kidole akaona. Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha, na duka lake halikuwa na haja ya kujua, kwa sababu kiatu kinauzwa kwa sura. Duka dogo la skeitibodi, ambalo anayekuhudumia ana kovu kwenye kiwiko, lingemwambia kwa sentensi moja. Maduka hayo ndiyo masikio ya mchezo, na yakifungwa moja baada ya jingine hata kampuni yenye nia njema itabaki kiziwi. Ukiwa na duka kama hilo karibu nawe, peleka fedha zako huko.

Udhaifu upo. Anayeruka ngazi ndefu kila siku atahitaji soli ya ndani nene zaidi ya hiyo inayokuja na kiatu, ama ahamie kwenye soli iliyoumbwa na kushonwa. Kuokwa kuna mipaka yake na kisigino hakisahau. Swedi haipendi maji. Ikilowa, ikaushe kivulini, maana jua kali linaikakamaza ikapasuka pale inapokunjana. Kamba upande wa oli zitakatika kabla ya kiatu, basi nunua jozi ya akiba siku hiyo hiyo.

Kuhusu saizi: mwanzoni inabana upande wa vidole, kisha inalegea kwa upana, si kwa urefu. Kidole gumba kikigusa mbele dukani, kitagusa siku zote, kwa hiyo panda nusu saizi. Na kabla ya kulipa angalia ubavu tena, kwa sababu rangi nyingine huja na turubai badala ya swedi pale pale panapokwaruzwa. Hizo za turubai ziache hata kama rangi imekupendeza.