Mbwa Ndani ya Queen Mary 2: Nani Ampeleke, Nani Amwache Nyumbani

Nianze na hukumu yangu. Kama safari ni ya meli ya utalii inayozunguka visiwa na kurudi bandari ile ile, mwache mbwa nyumbani. Kama ni Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, mpeleke, ila kwa masharti mawili: uwe unahama au unakwenda kukaa muda mrefu ng'ambo, na mbwa wako awe amezoea kufungiwa. Nje ya hapo utalipa pesa nyingi ili mnyama akae bandani wiki nzima na wewe ushinde ukitazama saa.

Meli hii ilianza kazi Januari 2004. Katika matengenezo makubwa ya 2016 mabanda yaliongezwa, na sasa ni 24. Yako sitaha ya 12, pamoja na sehemu ya ndani ya kutembeza wanyama, sebule ndogo ya wenye wanyama na kipande cha sitaha cha nje ambako mbwa hujisaidia. Huko nje wamesimamisha nguzo ya taa kutoka Liverpool na bomba la zimamoto la Kimarekani, ili mbwa wa kila upande wa bahari apate cha kuinulia mguu. Ni mzaha, lakini una kazi yake: mbwa dume asiyekojoa bila kunusa kitu kilichosimama hupata pa kuanzia.

Watu wengi hukata tiketi bila kulielewa jambo moja: mbwa haingii chumbani kwako. Hata usiku mmoja. Analala bandani, analishwa na kusafishwa na mhudumu wa mabanda, nawe unamtembelea kwa saa zilizopangwa asubuhi, mchana na jioni. Humtembezi kwenye sitaha nyingine wala humpeleki mgahawani. Kwa mbwa aliyelelewa kulala miguuni pa kitanda, usiku wa kwanza na wa pili ni mgumu. Kwa mbwa aliyezoea kreti, yaani kizimba chake cha kulalia, ni mahali pengine tu pa kulala. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kikuu, kuliko hata ukubwa au umri wake.

Nafasi 24 kwa meli yenye abiria zaidi ya 2,000 ni chache mno, na wenye wanyama wanaohama hukata mapema sana. Usinunue tiketi yako kwanza ukitumaini banda litapatikana baadaye. Ulizia banda, lithibitishwe, kisha ulipie chumba. Bei hubadilika kulingana na ukubwa wa banda na tarehe. Kwa bajeti tenga dola 1,000 au zaidi kwa mbwa peke yake, mbali na nauli yako. Mabanda makubwa yako safu ya chini, kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa ana ushindani mkali zaidi. Mpime akiwa amesimama, kuanzia sakafu hadi utosini, na kuanzia pua hadi shina la mkia, kisha upeleke vipimo hivyo kabla ya kulipa.

Kwa nini basi mtu ahangaike? Kwa sababu ya sheria za anga. Uingereza haipokei mbwa anayekuja kwa ndege akiwa ndani na abiria au kama mzigo wa abiria, isipokuwa mbwa wa msaada. Anaingia kama shehena. Mashirika mengi ya ndege nayo hukataa kubeba kwenye shehena mbwa wenye pua bapa, kama buldogi na pagi, maana njia yao ya hewa ni finyu na joto huwaua haraka. Kwa mbwa wa aina hiyo meli si anasa. Ndiyo njia salama.

Sasa makaratasi, maana safari nyingi huharibikia hapa. Kuingia Uingereza mbwa anahitaji chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa na, akitoka Marekani, cheti cha afya. Mpangilio wa tarehe ndio wenye mtego: chipu iwekwe kabla ya chanjo au siku hiyo hiyo. Chipu ikiwekwa hata siku moja baadaye, chanjo ile haihesabiki na unaanza upya, kisha unasubiri siku 21 baada ya chanjo ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya lolote mwombe daktari wa mifugo aisome chipu kwa mashine, alinganishe namba zote 15 na zile zilizoandikwa kwenye cheti. Tarakimu moja iliyokosewa inatosha kumzuia mbwa bandarini.

Halafu kuna dawa ya tegu. Mbwa anayeingia Uingereza akitoka Marekani lazima apewe na daktari dawa yenye prazikwanteli au mfano wake, si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia, na saa ya tiba iandikwe. Sasa piga hesabu: kuvuka kwenyewe kwa kawaida ni usiku 7, muda unaozidi hizo saa 120. Ndiyo maana suala hili haliamuliwi kwa kubahatisha wala kwa kumuuliza rafiki aliyesafiri zamani. Iandikie kampuni, pata maelekezo ya maandishi yanayohusu tarehe zako, na umpe daktari karatasi hiyo hiyo.

Upande wa Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024 kila mbwa anayeingia lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu, aonekane mwenye afya, na mwenye mbwa awe na risiti ya fomu ya mtandaoni ya CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa. Kwa mbwa aliyekaa miezi 6 iliyopita katika nchi zisizo na hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kazi inaishia hapo.

Wasomaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Muscat wasome hapa mara mbili. Kenya, Tanzania na Oman ziko kwenye orodha ya CDC ya nchi zenye hatari kubwa. Mbwa aliyekuwa huko ndani ya miezi 6 iliyopita, na aliyechanjwa nje ya Marekani, anatakiwa kufika kwa ndege, kwenye uwanja ulioteuliwa wenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa. Kwa hiyo ule mpango wa kumpeleka London kisha kupanda naye meli hadi New York wiki ijayo haupo. Na Uingereza yenyewe humtaka mbwa atokaye nchi hizo apimwe damu kuonyesha kinga ya kichaa cha mbwa, damu itolewe angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha isubiriwe miezi 3 tangu siku ya kutoa damu. Anza mapema, karibu nusu mwaka kabla.

Angalia pia aina ya mbwa. XL Bully na pit bull terrier ni miongoni mwa aina zilizopigwa marufuku Uingereza. Meli haikusaidii kukwepa sheria hiyo.

Maandalizi ya mbwa mwenyewe yaanze wiki nane hadi kumi kabla. Kwanza kreti: alie chakula ndani yake mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa dakika tano, kisha saa moja, mwisho usiku mzima. Pili, haja. Mbwa aliyezoea majani peke yake anaweza kuzuia mkojo siku nzima akiwa juu ya sitaha, jambo linalomtesa na kumweka kwenye hatari ya maambukizi. Nunua kipande cha nyasi bandia, kiweke juu ya saruji, mfundishe neno moja la amri, kisha punguza ukubwa wa nyasi kidogo kidogo hadi ajisaidie kwenye saruji tupu.

Chakula kiwe kile kile anachokula nyumbani. Kubadilisha ghafla huleta kuharisha, na kuharisha bandani ni adha kwa kila mtu. Mbwa anayekula gramu 300 kwa siku mfungashie kilo 3, yaani siku 10, katika vifuko vya mlo mmoja mmoja vyenye jina lake. Mabaki usishuke nayo. Sheria za kuingiza vyakula vyenye nyama ni kali pande zote mbili. Kumbuka pia kwamba ukielekea mashariki saa husogezwa mbele, jumla saa tano hadi Southampton, hivyo mlo wa jioni humjia kabla ya njaa. Akisusa siku ya tatu, si lazima awe mgonjwa.

Kwa kichefuchefu cha bahari kuna maropitanti, dawa ya daktari, hutolewa angalau saa mbili kabla ya safari. Dawa za usingizi nazikataa: hushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto. Usitegemee daktari wa mifugo katikati ya Atlantiki. Mbwa mwenye moyo dhaifu au kifafa kisichodhibitiwa abaki. Majira ya baridi upepo mkali hufanya sitaha ya nje isikalike, na matembezi huishia ndani. Ukiweza kuchagua, safiri kati ya Mei na Septemba.

Kwenye meli nyingine za starehe, za Karibi na Mediterania, kinachoruhusiwa kwa kawaida ni mbwa wa msaada aliyefunzwa kazi maalumu, kama kumwongoza asiyeona. Mbwa wa faraja tu hahesabiki. Huwekewa kisanduku cha haja cha kama mita 1.2 kwa 1.2 chenye maganda ya miti, na kila bandari ina vibali vyake. Kisiwa kikimkatalia kushuka, mtu lazima abaki naye melini.

Anayetaka kulala chumba kimoja na mbwa wake baharini atazame feri za Ulaya, kama Portsmouth hadi Santander kwa Brittany Ferries, zenye vyumba maalumu vya wenye wanyama. Vyumba hivyo navyo huisha mapema, hasa Julai na Agosti.