Oringi ya kasha langu la kamera: uzoefu wangu wa miaka kadhaa Mafia

Uzi wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho. Ulitoka kwenye pindo la mtandio wangu, rangi ya zambarau, ukalala kukatiza juu ya oringi, ule mpira wa mviringo unaoziba mlango wa kasha lisiingie maji, nusu ndani ya kasha, nusu nje. Nilikuja kuuona tumesharudi ufukweni, kwa tochi ya simu, huku maji ya chumvi yakichuruzika kutoka kwenye kasha kuingia kwenye beseni.

Kasha ni PT-059 la Olympus, lililotengenezwa kwa ajili ya kamera ya TG-6. Nimekuwa nalo tangu 2020 hapa Mafia, ambako naongoza wageni kupiga mbizi Ghuba ya Chole na kuwapigia picha. Mtengenezaji amelipa kikomo cha mita 45, na mimi sijawahi kulishusha zaidi ya 28. TG-7 iliyotoka 2023 nayo huingia humo humo, kwa hiyo aliyebadilisha kamera hana haja ya kununua kasha jingine. Vitufe vinafikika hata mtu akiwa na glavu, na linashikika vizuri kwa mkono mmoja. Nimeridhika nalo, na ningelinunua tena. Ila wanaoniuliza kama linafaa au halifai huwa nawaambia swali liko kwingine: je, wewe ni mtu wa kukaa chini dakika kumi kila jioni na kipande cha mpira? Kama siyo, hakuna kasha litakalokufaa, la bei yoyote.

Siku ile ya uzi tulikuwa tunaelekea mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya ghuba na bahari kuu. Pale mbizi hupigwa maji yakiwa yanajaa, na ukichelewa mkondo haukungoji. Betri ya kamera ilikuwa imebaki kidogo, nikaamua kuibadilisha palepale kwenye mashua. Upepo wa kaskazi unavuma, mikono imelowa, mtandio unapepea.

“Binti, maji yameanza kujaa,” nahodha akasema.

“Haya baba, nakuja.”

Nikafunga mlango wa kasha. Nilisikia mlio wa kitasa kama siku zote, nikatosheka na mlio. Mita 12 chini, nikiwa nampiga picha kasa, nikaona mstari wa maji unacheza ndani ya kasha, sawasawa na maji ndani ya chupa. Mwenzangu akabaki na wageni, mimi nikapanda polepole, kasha nimelielekeza mlango chini ili maji yasifike upande wa lenzi.

Kamera ilipona. TG-6 yenyewe bila kasha inastahimili maji hadi mita 15, mradi vifuniko vyake vya betri na vya waya vimefungwa na kubanwa, na vyangu vilikuwa vimebanwa. Niliiosha kwa maji baridi, nikaikausha, ikawaka. Mwenye kamera isiyo na uwezo huo angekuwa amepoteza kamera, betri na picha zote za safari kwa sababu ya uzi.

Tangu hapo nimejifunza kulielewa kasha badala ya kuliogopa. Wengi hufikiri hatari inaongezeka kadiri unavyozama. Mlango wa kasha langu ni kama sentimita 14 kwa 10. Kila mita 10 unazoshuka, bahari inaongeza msukumo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo kwenye mita 10 mlango unasukumwa ndani kwa uzito wa karibu kilo 140. Uzito huo unaukandamiza mlango juu ya oringi na kuziba zaidi. Mahali ambapo mpira hauna msaada ni juu, kwenye mita mbili tatu za mwanzo, au hata ndani ya beseni la kuoshea. Hapo kinachoubana ni kitasa peke yake, na uzi au chembe ya mchanga iliyokaa juu yake inatosha kuacha njia. Ndiyo maana sasa nikiingia majini kitu cha kwanza ni kuliweka kasha chini ya maji na kuliangalia kwa dakika nzima. Mapovu mawili matatu yaliyonasa kwenye vitufe yataondoka na kwisha. Mapovu yanayotoka sehemu moja, madogo, yakifuatana kama shanga kwenye uzi, maana yake ni kutoka majini mara moja.

Halafu kuna habari ya grisi, na hapa ndipo naona watu wanaharibu. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuulainisha mpira ili mlango unapofungwa uteleze na kukaa mahali pake bila kujikunja wala kuchanika. Ukipaka nyingi, umetengeneza gundi ya kunasia mchanga na nywele. Kiasi ninachotumia ni kama punje ya mchele kwa oringi nzima. Naiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha navuta mpira polepole katikati ya vidole, bila kuutanua, mpaka nimezunguka wote. Mpira uliopakwa vizuri unang’aa kama mdomo uliotoka kunywa maji. Ukiona weupe wa grisi, umepaka kupita kiasi. Na katika kuuvuta huko vidole vinaona kuliko macho. Chembe moja ya mchanga inakwaruza ngozi pale pale, mpasuko mdogo unakwama kidogo, sehemu iliyolala bapa kwa kubanwa muda mrefu inajulikana kwa sababu duara lake linapotea kidoleni.

Tumia grisi ya mtengenezaji wa kasha lako. Oringi nyingine ni za silikoni, nyingine za mpira wa aina tofauti, na grisi inayofaa moja inaweza kuivimbisha nyingine. Oringi iliyovimba haikai tena kwenye mfereji wake. Nimeona mgeni akipaka mafuta ya mgando ya kupakaa mwilini, na fundi mmoja wa pampu aliwahi kunishauri kwa nia njema nitumie grisi ya gari. Vyote hivyo viache mbali. Vivyo hivyo spiriti, petroli, sabuni kali na dawa za mbu za kupuliza: plastiki ya kasha inaweza kupata nyufa kwa vitu hivyo. Hata mafuta ya kujikinga na jua nanawa kwanza mikononi kabla sijaligusa.

Kuitoa oringi situmii pini wala ncha ya kisu. Mkwaruzo kwenye mfereji ni njia ya maji ya kudumu, hauponi kwa oringi mpya. Nabana mpira kwa vidole viwili nikiusukuma kutoka pande zote mbili, unainuka kama kitanzi, nakishika na kuutoa. Mfereji naufuta kwa kitambaa cha kufutia miwani. Zile pamba za masikio niliacha kuzitumia, zinaacha nyuzi zilezile ninazozikimbia. Kisha naukagua ukuta wa mlango unaogusana na mpira, maana watu huisafisha oringi ikang’aa wakasahau upande wa pili. Nikifunga, nageuza kasha na kulimulika: mlango wangu unapitisha mwanga, na mahali mpira ulipogusa pote panaonekana mstari mmoja wa rangi nzito. Mstari ukikatika, nafungua na kuanza upya.

Haya yote nayafanya usiku, nyumbani, feni imezimwa, mtandio nimeuvua. Asubuhi kasha linaondoka limefungwa na halifunguliwi mashuani, hata kwa betri. Betri inapochajiwa usiku inanitosha mbizi mbili, na mgeni akitaka ya tatu namwambia picha hakuna. Naweka pia kifuko cha silika, cha kunyonya unyevu, ndani, kwa sababu hewa yetu ni nzito, na hewa yenye unyevu ikifungiwa ndani ya kasha kisha ikateremka kwenye maji yaliyo baridi zaidi, ukungu unatanda kwenye kioo. Wageni wengi wakiuona huo ukungu hudhani oringi inavuja.

Kuosha kuna somo lake hapa kisiwani. Miezi ya mwanzo nilikuwa naliloweka kasha kwenye maji ya kisima chetu, na bado vitufe vilikuwa vinakuwa vizito. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Nilikuwa naosha chumvi kwa chumvi. Sasa nina dumu la maji ya mvua kwa kazi hiyo tu. Nikitoka baharini, kasha haliachwi kukauka juani hata dakika tano, maana chumvi ikikauka inakuwa fuwele zenye ncha kali, na fuwele hizo zikikaa chini ya kitufe zinakula mpira wake mdogo kila unapobonyeza. Nalizamisha likiwa limefungwa, nusu saa, na ndani ya nusu hiyo nabonyeza kila kitufe na kuzungusha kila gurudumu mara nyingi ili maji yapite. Nikishalikausha nje ndipo nalifungua, mlango ukiangalia chini ili matone yaliyojificha pembeni yadondoke mezani na si juu ya kamera.

Oringi hizo za vitufe sizigusi. Ya mlango ni yangu kuihudumia, za vitufe ni za fundi mwenye vifaa vya kulijaribu kasha kwa mgandamizo, na fundi huyo Mafia hayupo. Ugumu mkubwa wa kumiliki kitu hiki ukiwa kisiwani ndio huo, pamoja na vipuri. Mwaka wa pili nilichoka kusubiri oringi halisi, nikaagiza mtandaoni iliyoandikwa inaingia kwenye makasha ya aina hii yote. Ilikuja kwenye mfuko mzuri. Nilipoilaza juu ya ya zamani zikaonekana sawa, lakini kwenye mfereji ilibaki ndefu kidogo na kufanya kibonge kwenye kona moja. Nilipoipapasa kukawa na ukingo mkali mahali ilipounganishwa kiwandani. Nililijaribu kasha bila kamera, na karatasi laini ya chooni ndani, kwenye ndoo ya maji: karatasi ikatoka na doa. Pesa ile ilipotea, nami tangu hapo naagiza oringi halisi mbili kwa mpigo, kwa mtu anayesafiri. Mtengenezaji anashauri kuibadilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na nafuata.

Jaribio la karatasi nalirudia kila nikiweka oringi mpya au kasha likikaa miezi ya kusi bila kazi. Nalifunga bila kamera, karatasi ikiwa ndani, nalifungia kipande cha risasi ya mshipi ili lizame, nakwenda nalo mbizi ya kawaida. Karatasi ikirudi kavu, kesho kamera inaingia.

Wakati wa mapumziko nalihifadhi bila kulibana kitasa, ili mpira usilale bapa. Kwenye ndege pia sifungi kabisa, kwa sababu hewa ikipungua ukiwa juu kisha ukashuka, mlango unaweza kunyonywa usifunguke. Mgeni mmoja alihangaika nalo jioni nzima hapa Utende.

Oringi iliyomo sasa niliiweka Januari. Ya akiba iko ndani ya kifuko chake kwenye droo, mbali na jua, na ule uzi wa zambarau nimeubandika kwa gundi ya karatasi kwenye kifuniko cha sanduku la vifaa.